Maziwa Hayachanganywi na Tunda

Jumatatu, 9 Juni

Maziwa yamefika asubuhi, bidoni ya njano juu ya pikipiki, kama kawaida. Nimeyachuja kwa kitambaa. Nimeyachemsha bila kuyaacha yafurike, maana Koko, mama yake Papa, alikuwa amesimama nyuma yangu na maziwa yakifurika motoni hulalamika siku nzima. Nimengoja mpaka kidole kivumilie. Kisha nikatia mbegu, kijiko cha kivuguto cha jana, maziwa yetu ya mgando. Kibuyu, kifuniko, blanketi. Kesho yatakuwa yameganda.

Dereva wa pikipiki alileta pia neno la Papa. Ng'ombe wazima. Kati yao Gaju anakaribia kuzaa. Papa amebaki nao huko juu, katika vilima vya Masisi, tangu sisi tuliposhuka Goma mwaka jana: Mama, Koko, mdogo wangu Merveille na mimi. Alisema ng'ombe hawajui kukimbia vita peke yao. Maziwa yakifika, tunajua yupo.

Dereva hakukaa. Alisema barabara ya Sake imeharibika na hajui kama atarudi Ijumaa. Haikuharibika kwa mashimo.

Merveille hajala tena. Ana miaka minne. Surua imekwisha lakini imemwachia vidonda mdomoni na kooni. Bugali anatema. Uji anatema. Kivuguto kinamchoma kwa ukali wake, analia hata kabla kijiko hakijafika. Maji baridi tu ndiyo anayanyonya. Mikono yake imekuwa myembamba na sipendi kumvalisha.

Nimekumbuka somo la lishe. Mtawa anayetufundisha biolojia alisema koo lenye vidonda hutulizwa na baridi. Alitueleza: chukua mtindi mzito, uponde na tunda lililoiva sana ili utamu wa tunda uondoe ukali, gandisha vipande vidogo. Hakuna sukari, hakuna rangi ya dukani. Mtoto anapata nguvu bila kujua anakula. Mtindi wa darasani na kivuguto chetu ni ndugu.

Nilimwambia Koko kwa furaha. Kosa langu. Alinitazama kana kwamba nimesema tumchinje Gaju.

"Maziwa haichanganyike na kitu ya shamba. Weye unataka matiti ya ngombe ikauke?"

Nilijua mwiko wa nyama. Nilijua mwiko wa njegere na karanga. Sikujua kwamba hata ndizi. Koko anasali rozari asubuhi na jioni, lakini katika mambo ya maziwa hana padri.

Jumanne, 10 Juni

Hakuna shule. Tulifika tukakuta lango limefungwa nusu. Watu wa kambi ya Mugunga wamehama tena kwa sababu ya mabomu na wamelala madarasani. Nililiona dawati langu kwa dirisha. Juu yake kulikuwa na mtoto mchanga, amefunikwa koti la mwanamume.

Mtawa alisimama langoni akatuambia turudi nyumbani tusome wenyewe. Mitihani ilikuwa ianze Jumatatu ijayo. Nilikuwa tayari kwa mitihani. Nimekasirika. Kisha nikaona aibu kukasirikia mtoto mchanga.

Barabara ya Sake imefungwa. Ya Rutshuru ilifungwa zamani. Boti za Kituku haziondoki. Watu wote wanasema maneno haya haya sokoni, kwa mpangilio huu huu, kama sala.

Simu ya Papa haipatikani.

Jumatano, 11 Juni

Maziwa ya Jumatatu yamekwisha. Koko amebakiza mbegu chini ya kibuyu, kama afanyavyo siku zote. Kibuyu hakikauki. Mama yake alimpa mbegu hiyo alipoolewa na haijakatika hata siku tulipokimbia. Alikuja nayo mgongoni, mahali ambapo wanawake wengine walibeba watoto.

Mama amepata maziwa ya unga. Koko alinusa bati, akasema, "Hii maziwa haina mama."

Nikafikiri siku nzima juu ya maneno hayo. Jioni nilimwendea na hoja, kama tunavyofundishwa: moja, mwiko unalinda ng'ombe. Mbili, maziwa ya unga hayana ng'ombe tunayemjua. Kwa hiyo, kuyachanganya na ndizi hakumdhuru yeyote.

Koko alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza. Kisha akauliza, "Na mbegu?"

Akaonyesha kibuyu kwa kidevu.

"Mbegu ni ya Gaju na mama wa Gaju na koko wa Gaju. Ukiweka ndizi, umewawekea wote."

Ni hoja nzuri. Ndiyo inayoniudhi. Nilikwenda kukaa nje kwenye mawe. Merveille alikuwa amelala mchana wote bila kuomba kitu. Mtoto asiyeomba kitu anatisha kuliko mtoto anayelia.

Alhamisi, 12 Juni

Muuguzi wa dispanseri amekuja nyumbani. Alimfungua Merveille mdomo, akavuta ngozi ya mkono wake, ngozi ikachelewa kurudi. Akamwambia Mama wazi: asipokula wala kunywa vizuri mpaka mwanzo wa wiki, tumpeleke hospitali. Na hospitali imejaa watu waliopigwa risasi, wamelala mpaka uani. Na kufika huko kwenyewe ni swali.

"Mupatie hata kitu moja inaingia," akasema. "Ile yoyote."

Alipoondoka, Mama hakukaa. Alisimama katikati ya nyumba. Akaniita bila kumtazama mtu, "Sifa. Fanya ile kitu ya masomo."

Koko alikuwa anasikia. Alichukua kibuyu, akakifunika kwa kitenge chake, akakigeuza uso kutazama ukuta. Kibuyu hakina uso lakini hivyo ndivyo alivyokigeuza. Kisha akakaa kando yake, mgongo kwetu.

Nilifanya. Nitaandika vizuri ili nisisahau. Kivuguto cha maziwa ya unga, kile nilichokuwa nimegandisha jana kwenye sufuria kwa kijiko cha mbegu ya kibuyu, nilikimimina katika kitambaa safi nikakitundika kwenye msumari wa jikoni mpaka maji yake yakadondoka. Kikabaki kizito, kinashika kijiko. Nikaponda ndizi ndogo, zile ambazo ganda lake limeingia weusi, maana hizo ndizo tamu. Nikachanganya mpaka hakuna bonge. Nilionja. Ukali ulikuwa umekwenda. Marakuja, pasheni inayotambaa kwenye ukuta wetu, sikutia. Ina asidi na mbegu zake zingekwaruza vidonda. Nikatandaza matone kwenye sinia, madogo kama kifungo cha koti, yaingie mdomoni bila kutafunwa.

Sijawahi kufanya kitu Koko akiwa amenipa mgongo.

Sisi hatuna friji. Mama Aline, jirani yetu, ana kongelateri ya kugandishia inayokwenda kwa paneli za jua. Anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, lakini siku hizi wavuvi hawatoki, kwa hiyo ni tupu, imebaki harufu tu. Nilimpitishia sinia juu ya ukuta wa mawe. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Maziwa mu nyumba ya samaki! Koko wako akijua atanihamisha mu kartiye!"

"Anajua, Mama Aline."

"Anajua? Basi mutoto anaumwa kweli."

Ijumaa, 13 Juni

Amekula.

Amekula! Kwanza alikaza meno. Nikampaka tone moja kwenye mdomo wa chini. Aliulamba kwa sababu ulikuwa baridi. Akafungua mdomo mwenyewe kama kifaranga. Nikaweka moja juu ya ulimi. Likayeyuka. Akameza. Niliona koo likipanda na kushuka. Akasema, "Ingine."

Alikula sinia karibu lote, pole pole, asubuhi na mchana. Mama aligeukia sufuria zake ili tusimwone. Mimi nililia wazi. Sioni sababu ya kujificha.

Mama Aline aliuliza juu ya ukuta kama samaki wamemdhuru mgonjwa. Mama akamjibu kwamba mgonjwa anaomba samaki zaidi.

Koko hakutazama hata mara moja. Alikula viazi vyake peke yake. Nilimsogelea nikamwambia, "Koko, amemeza." Akasema, "Namushukuru Mungu." Lakini aliuambia ukuta.

Pikipiki ya maziwa haikuja.

Jioni mabomu upande wa Sake. Madirisha yanatikisika. Nimetandaza sinia la pili.

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbaya.

Dereva wa maziwa amefika kwa miguu. Hana pikipiki tena. Amepita porini siku na siku, viatu vimekatika. Alikaa barazani, akanywa maji, akatuambia. Ng'ombe wa kilima chetu wamechukuliwa. Wote wa kilima. Watu wenye silaha waliwasukuma kama mali yao. Yeye hakumwona Papa, si mzima si vingine. Siku gani? Hajui. Alisikia njiani kwa watu waliokuwa wanakimbia pia.

Merveille alikuwa sakafuni anakula vipande vyake. Sauti ya kunyonya kwake ilisikika nyumba nzima.

Koko alilitazama sinia. Si mimi. Sinia. Halafu akaniangalia mimi. Ningependa angenipiga.

Najua biolojia. Najua kwamba ndizi iliyopondwa Goma haiwezi kumfikia ng'ombe Masisi. Ningeweza kulieleza mbele ya darasa na kupata alama zote. Lakini nilikwenda nyuma ya nyumba nikafukia maganda ya ndizi.

Mama alinikuta huko. Alinishika kidevu kwa nguvu.

"Unisikilize. Ngombe walikamatwa na batu ba bunduki. Haiko ndizi."

Alisema kwa sauti kubwa, ili na ndani wasikie.

Merveille ameomba tena. Nimefanya nini? Nimeponda ndizi. Nilikuwa nalia na kuponda. Kama kweli ninaua ng'ombe basi naua nikijua, kwa ajili yake, na nitaendelea. Nimeandika sentensi hii na ninaiogopa.

Jumapili, 15 Juni

Hatukwenda misa. Risasi karibu. Tuko kwenye korido, mahali pasipo dirisha, magodoro yamesimamishwa kila upande. Mama, Koko, Merveille, mimi. Miguu haina pa kunyooshwa.

Koko anasali kwa Kinyarwanda. Kibuyu kiko mapajani mwake.

Sinia liko kwa Mama Aline. Ukuta uko hatua chache. Ni mbali kama Kisangani.

Jumatatu, 16 Juni

Bado korido. Leo ndiyo ingekuwa siku ya kwanza ya mitihani. Biolojia asubuhi.

Maji yanapungua. Merveille analia anataka baridi yake. Nilimpa kivuguto cha kawaida kilichobaki kwenye sufuria, kikamchoma, akapiga kijiko, kikamwagika. Maziwa sakafuni. Nilimtazama Koko. Kumwaga maziwa nako ni vibaya. Alipangusa kwa kidole, akajipaka kidole kifuani, akarudi kwenye rozari.

Nachukia korido hii. Nachukia rangi yake. Nimesoma maandishi yote ya gunia la unga lililo mbele yangu, mbele na nyuma.

Niliona kitu. Koko alichukua maziwa ya unga kidogo, akayakoroga na maji yake ya kunywa, sehemu yake, kwenye kikombe. Akayatia ndani ya kibuyu. Akakitikisa polepole, akakirudisha katikati ya magoti na kukifunga kitenge ili kipate joto la mwili. Maziwa yasiyo na mama. Anayalisha mbegu ya Gaju. Hakunieleza. Nilifunga macho, nikajifanya nimelala.

Jumanne, 17 Juni

Kimya. Kimya ambacho hukiamini. Kisha jogoo mmoja, kisha watoto.

Mama Aline aliita juu ya ukuta, "Mungali munapumua?" Mama akajibu, "Kidogo!" Wakacheka wote wawili na kicheko kilikuwa kibaya, kinakwenda juu mno.

Paneli yake moja imetobolewa na risasi. Nyingine nzima. Lakini kongelateri ilizimika siku zote hizo na vipande vyangu vimekuwa supu. Supu ya ndizi yenye harufu ya sambaza. Tumeitupa. Na kile cha sufuria kilimwagika. Kwa hiyo sina mbegu. Maziwa ya unga ninayo, ndizi Mama Aline amenipa mbili, paneli moja inafanya kazi. Mbegu hakuna.

Nilikaa jikoni nikijiuliza nitawezaje. Kivuguto hakijifanyi chenyewe. Merveille alikuwa kwenye godoro, midomo imekauka tena, kama wiki iliyopita.

Koko aliingia. Ni mara ya kwanza kuingia jikoni tangu Alhamisi. Aliweka kibuyu mbele yangu. Hakikuwa kimegeuzwa tena.

"Mutoto akule," akasema.

Nilichota. Mbegu ilikuwa hai, nzito, na ule ukali wake wa sawasawa. Nilibakiza chini.

Jumatano, 18 Juni

Kimeganda. Nimechuja, nimeponda, nimetandaza, nimepitisha ukutani. Mama Aline amesema kwa paneli moja itachukua muda zaidi, na kwamba asisikie mtu akilalamika juu ya harufu.

Alasiri vipande vilikuwa tayari nusu, laini katikati. Merveille hakujali ulaini. Alikula mpaka akasinzia na kimoja shavuni. Ngozi ya mkono wake inarudi haraka nikiivuta. Nimeivuta mara nyingi sana leo mpaka ameninunia.

Nilimpelekea Koko kimoja kwenye kisahani. Nilidhani sasa tumepatana. Akatikisa kichwa.

"Miye hapana. Pengine moja amebaki mu musitu. Pengine Gaju amejificha azae."

Kwa hiyo si kwamba amenisamehe. Wala si kwamba ameacha mwiko. Alimpa Merveille ruhusa. Yeye mwenyewe bado analinda ng'ombe kwa kufunga mdomo wake.

Nilikula kile kipande mwenyewe, nje. Nilijisikia vibaya na kilikuwa kitamu.

Watu wanapita barabarani na magodoro kichwani. Wengine wanatoka Mugunga kuja huku, wengine wanatoka huku kwenda Mugunga. Wanapishana. Hawaulizani.

Alhamisi, 19 Juni

Hakuna kitu. Vumbi. Nimesoma biolojia ukurasa uleule. Lango limefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa Mama, hataki nitoke hata kuchota maji peke yangu. Najua kwa nini. Wasichana wa rika langu hawatumwi siku hizi. Hata hivyo nilipiga teke lango.

Marakuja za ukutani zimeiva. Zinaanguka zenyewe.

Ijumaa, 20 Juni

Papa yuko hai.

Simu ililia, namba tusiyoijua. Mama alikaribia kuikata. Ilikuwa yeye, kwa simu ya mtu mwingine. Yuko Minova, upande ule wa ziwa. Alishuka milima kwa miguu na watu wengine. Hawezi kuja, barabara hakuna, boti hakuna. Lakini anapumua, anakohoa kile kikohozi chake, nilikisikia.

Mama aliweka simu mezani ili wote tusikie. Merveille alimwambia, "Papa, ninakula baridi." Alicheka. Sauti ilikatika ikarudi.

Koko aliinama juu ya simu. Hakusalimu. "Ngombe?"

Papa akamjibu mama yake, "Bote, Mama. Hakubaki hata moja."

"Gaju?"

"Alikataa kutembea, sababu ya tumbo. Bakamupiga risasi pale pale."

Koko alishika ukingo wa meza. Kisha akauliza kitu ambacho Mama hakukielewa, lakini mimi nilikielewa mara moja.

"Siku gani?"

"Jumatatu. Ile nilituma maziwa. Pikipiki iliondoka tu, bakafika."

Jumatatu. Wakati tunafunga kibuyu kwa blanketi na mimi nafurahia somo langu la lishe. Ndizi ya kwanza niliiponda Alhamisi.

Simu ikakatika.

Koko alinyoosha mkono bila kutazama. "Sifa. Nishike. Nataka kwenda inje." Nilimshika. Tulitembea mpaka ukutani na kurudi, mpaka ukutani na kurudi, ndiyo nafasi yote iliyopo. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa anataja majina kwa sauti ndogo. Nilidhani ni rozari. Yalikuwa ya ng'ombe.

Jumamosi, 21 Juni

Koko hajatoka kitandani. Si mgonjwa, amesema. Amechoka.

Mama amenituma kufanya kazi za nyumbani zote. Nimezifanya. Vidonda vya Merveille vimefunga, nimemtazama mdomoni kwa tochi. Kwa hiyo leo nimejaribu marakuja. Nimekamua maji yake, nimechuja mbegu, nimetia kidogo tu pamoja na ndizi. Rangi imekuwa nzuri sana, ya njano ya jua. Nimeona aibu kufurahia rangi siku kama hii. Nimefurahia hata hivyo.

Jumapili, 22 Juni

Hakuna misa bado. Mama amesoma zaburi barazani. Jua lipo. Kwa mbali mlima unatoa moshi wake mwembamba, kama siku zote.

Merveille amekula vipande vya marakuja na hakulia. Alikunja uso, akasema, "Kali," akaomba kingine. Kisha akakimbia kutoka mwanzo wa baraza mpaka mwisho. Hajakimbia tangu surua.

Koko alitoka akakaa kwenye mkeka wake. Alimtazama mtoto akikimbia. Mimi nilikuwa na sinia magotini, nabandua vipande kwa kisu. Akasema, taratibu kabisa, "Nipatie na miye."

Nilidhani anataka chai. Alionyesha sinia.

Nilimwekea viwili kwenye kisahani. Alirekebisha kitenge, akanyoosha mgongo, akakipokea kisahani kwa mikono miwili, kama maziwa yanavyopokelewa. Akaweka kimoja mdomoni. Akafumba macho. Nilingoja.

"Iko baridi," akasema.

Baadaye: "Inanuka sambaza."

Mama alicheka kwa pua. Koko hakucheka, lakini alichukua cha pili. Alikula polepole mpaka mwisho na kupangusa kisahani kwa kidole.

Tangu siku ya kwanza nilitaka ale. Nilikuwa nimepanga jinsi nitakavyofurahi. Leo amekula, hana tena ng'ombe wa kulinda, na ningependa angekataa.

Nimeosha sinia. Nimekunja kitambaa. Mama anasema labda wiki hii boti zitaondoka Kituku, labda. Kivuguto cha kesho kiko tayari kwenye blanketi. Chini ya kibuyu nimebakiza mbegu peke yake, bila tunda, nimeifunika kwa kitenge. Koko hakuniomba nifanye hivyo.